Aleister Crowley: yule "baba wa Illuminati" wa kwenye klipu za WhatsApp alikuwa nani hasa?

Kila baada ya muda ile picha inarudi. Mzungu mwenye mwili kiasi, macho yamekutolea, kichwani kofia lenye pembetatu na jicho katikati, ngumi mbili kaziweka pembeni ya uso, chini maandishi mekundu: HUYU NDIYE MWANZILISHI WA ILLUMINATI, SAMBAZA KABLA HAWAJAIFUTA. Alafu inafuata voisi ndefu ya mtu anayepumua kwa nguvu, anakupeleka mbio kutoka Freemason mpaka wasanii wa Marekani, kutoka wasanii mpaka watoto wanaotolewa kafara, sijui mpaka marehemu Barbara Bush mke wa rais wa Marekani, eti ni mtoto wake, wote eti ni mnyororo mmoja na kichwa cha mnyororo ni huyu jamaa wa kofia. Jina lake Aleister Crowley. Na kwenye magrupu watu wanauliza kwa nia njema kabisa: huyu mtu ni wa kweli ama katungwa?

Ni wa kweli. Kaishi, kaoa, kafilisika, kafa kitandani akiwa mzee wa miaka 72. Na msimamo wangu niuseme mapema ili usinitafute baadaye: huyu alikuwa mtu mbaya, hasa kwa waliokuwa karibu naye, lakini ubaya wake si huu unaosambazwa. Anashtakiwa kwa ambayo hakufanya, na aliyoyafanya kweli hakuna anayeyataja.

Kwanza tutenganishe majina, maana fujo yote inaanzia hapo.

Illuminati kilikuwa chama cha siri cha wasomi kule Bavaria, Ujerumani ya leo. Kilianzishwa na profesa wa sheria anaitwa Adam Weishaupt tarehe 1 Mei 1776, na kufika 1785 serikali ya huko ilishakipiga marufuku. Crowley kazaliwa 1875. Hata ungemsukuma vipi hawezi kuanzisha kitu kilichokufa miaka tisini kabla hajazaliwa. Freemason ni chama kingine, hiki kipo mpaka leo, na majengo yao yako wazi tu Nairobi na Dar es Salaam, unapita nje unayaona. Crowley alipewa vyeo vya kimason Mexico na Paris, ila na makundi ambayo wakubwa wa chama hicho Uingereza hawakuyatambua, kwa hiyo kwao hakuhesabika. Kuhusu ushetani kama dini yenye jina na kadi ya uanachama, Kanisa la Shetani lilianzishwa San Francisco mwaka 1966 na Anton LaVey, wakati huo Crowley ana miaka 19 tangu afe.

Sasa yeye alikuwa wapi? Alikuwa kwenye kitu tunachoweza kuita elimu ya siri. Unajimu, karata za kubashiria, mafumbo ya Kiyahudi yanayoitwa Kabbalah, kuita malaika na majini kwa majina yao, yoga, kutafakari, vyote vimechanganywa na kupangwa kwa madaraja kama shule. Mwishoni mwa miaka ya 1800 hii ilikuwa fasheni ya watu waliosoma huko Uingereza. Chama kikubwa kiliitwa Golden Dawn, kilianzishwa London 1888, na ndani yake walikuwemo madaktari, waigizaji, hadi mshairi W. B. Yeats ambaye baadaye alichukua tuzo ya Nobel. Kwa hiyo ondoa kabisa picha ya pango na fuvu. Fikiria sebule, zulia, chai, na watu wazima wamevaa majoho wanasoma Kilatini.

Na sisi tukisikia mchawi tunamuwaza anayemroga jirani usiku. Crowley alipoandika kuhusu uchawi aliueleza kama elimu na sanaa ya kufanya mabadiliko yatokee sawasawa na utashi wako, na mfano aliotoa mwenyewe ni kuandika kitabu na kukichapisha. Ukichukulia hivyo hata wewe ukiamua kuacha sigara ukaacha, umefanya uchawi. Mimi naona ni tafsiri pana mno, ikishabeba kila kitu haina maana tena, ila angalau ujue jamaa alikuwa anazungumzia nini.

Haya, maisha yake. Alizaliwa Leamington Spa, Uingereza, jina la kuzaliwa Edward Alexander. Wazazi wake walikuwa Plymouth Brethren, Wakristo wakali haswa, Biblia kila siku asubuhi, Krismasi wanaiona upagani. Baba alikuwa anazunguka akihubiri, na aliweza kuzunguka bila kufanya kazi kwa sababu ukoo ulikuwa na kiwanda cha bia. Yaani injili inagharamiwa na pombe, na mtoto anaona yote hayo. Baba kafa kwa kansa ya ulimi 1887, kijana ana miaka 11, alimpenda sana baba yake huyo, na baada ya hapo akaanza kupambana na dini ya nyumbani. Mama yake akikasirika alikuwa anamwita Mnyama, yule wa kitabu cha Ufunuo, wa 666.

Mtoto mwingine angelia. Huyu akalichukua lile jina akalivaa maisha yake yote.

Akaenda Cambridge, akaondoka bila digrii, maana urithi ulishaingia mfukoni na alikuwa tajiri. Akachapisha mashairi kwa hela yake. Akalala na wanawake na wanaume, kipindi ambacho Uingereza ilikuwa imetoka kumfunga mwandishi Oscar Wilde kwa mambo hayo. 1898 akajiunga Golden Dawn, akapanda madaraja haraka, na ndani ya miaka miwili chama kikapasuka na yeye akiwa katikati ya ugomvi: 1900 kiongozi aliyekuwa Paris alimtuma akateke chumba cha ibada cha London na yeye akatokea kavaa vazi la Kiskoti na barakoa usoni. Yeats na wenzake wakamtimua. Kuna watu hawawezi kuingia mahali bila kutaka wote wageuke.

Halafu kuna upande wake ambao hao wa klipu hawaujui kabisa, upandaji milima. Crowley alikuwa mpanda milima wa kweli. 1902 alikuwa kwenye kundi la mwanzo kabisa kujaribu K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, na wakafika mbali kwa vifaa vya enzi zile. Ila 1905 akaongoza safari ya Kangchenjunga, mpakani mwa Nepal na India, na hapa ndipo mimi huwa nasimama. Wenzake walichoshwa na ubabe wake na namna alivyowatendea wapagazi, wakaamua kushuka jioni, yeye akakataa akabaki kwenye hema lake juu. Wakiwa njiani theluji ikaporomoka. Akafa Alexis Pache, Mswisi, pamoja na wapagazi watatu. Crowley alisikia wanapiga kelele za msaada. Hakutoka. Baadaye akaandika gazetini kwamba ajali ya namna hiyo yeye haimpi huruma hata kidogo.

Hakuna shetani hapo, hakuna jini wala kafara, ni mtu tu kakaa kwenye hema anasikia wenzake wanakufa. Kama unatafuta sababu ya kumuogopa, mimi hiyo inanitosha.

Turudi nyuma mwaka mmoja, kwenye tukio ambalo wafuasi wake wanalihesabu kama mwanzo wa zama mpya. 1903 alimuoa Rose Kelly, dada wa mchoraji Gerald Kelly, na mwaka uliofuata wakawa Cairo kwenye fungate iliyorefuka. Rose akaanza kusema maneno ya ajabu, kwamba "wanakusubiri", na ni mungu Horus wa Misri ya kale. Crowley akampeleka makumbusho kumjaribu, na Rose akamwonyesha ubao wa kale wa kuhani wa Misri ambao namba yake ya maonyesho ilikuwa, ndiyo, 666. Basi tarehe 8, 9 na 10 Aprili 1904, kila siku kwa muda wa saa moja kuanzia saa sita mchana, Crowley akakaa akaandika anachodai aliamriwa na sauti ya kiumbe kinachoitwa Aiwass. Ikatoka Kitabu cha Sheria, sura tatu fupi.

Ndani yake ndimo ilimo ile sentensi inayotembea mpaka leo: fanya utakalo, hiyo ndiyo Sheria yote. Watu wakiisoma wanaona ruhusa ya kufanya uchafu wowote. Crowley alieleza tofauti. Dini yake aliipa jina Thelema, maana yake utashi, na alisema kila mtu ana Utashi wa Kweli, yaani njia yake moja aliyozaliwa nayo, kazi yako ni kuijua hiyo na kuifuata na kuacha mengine yote. Sentensi ya pili, ambayo kwenye klipu huikuti, inasema upendo ndiyo sheria, upendo chini ya utashi. Ukilitazama hivyo ni fundisho gumu, lenye nidhamu hata. Ila tusimpambe pia: sura ya pili na ya tatu za kitabu hicho zina vita na dharau kwa wanyonge, na yeye mwenyewe hiyo nidhamu ya Utashi wa Kweli aliitumia pale ilipomfaa.

Muulize Rose. 1906 wakiwa Asia Crowley alimwacha arudi peke yake na mtoto wao mdogo, yeye akapita njia yake. Mtoto akafa kwa taifodi Rangoon, Burma. Crowley akamlaumu mama, kwamba ni ulevi wake. Wakaachana 1909, na 1911 Rose akaingizwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Huyu ndiye mwanamke ambaye bila yeye Kitabu cha Sheria kisingekuwepo.

Sasa, ili umwelewe Crowley vizuri, chukua kitu kimoja tunachokijua sana huku kwetu: kiki. Msanii wa Bongo Fleva ana wimbo unatoka Ijumaa, Jumatano anagombana na mpenzi wake hadharani, Alhamisi kuna video ya kilio, mwenyewe anakanusha kwa namna inayofanya uamini zaidi. Crowley alikuwa hivyo miaka mia moja kabla ya Instagram. Zile picha za kofia na macho alipiga makusudi. Jina la Mnyama 666 alisaini mwenyewe kwenye barua. 1930 akaigiza hadi kifo chake: akiwa Ureno, kwa msaada wa mshairi Fernando Pessoa, akaacha barua ya kujiua kwenye miamba ya Boca do Inferno pale Cascais, magazeti yakaandika, polisi wakatafuta, kumbe jamaa kashavuka mpaka zamani na baadaye akaonekana Berlin mzima wa afya.

Na kiki kubwa kuliko zote ndiyo iliyozaa ule uvumi wa watoto. Kwenye kitabu chake kikubwa cha uchawi, ile sura ya kafara ya damu, aliandika kwamba sadaka bora ni mtoto wa kiume asiye na hatia na mwenye akili nyingi, na kwenye maelezo ya chini akaongeza kwamba yeye mwenyewe, kwa jina lake la kichawi, alitoa sadaka hiyo karibu mara 150 kila mwaka kati ya 1912 na 1928. Ukisoma hivi hivi unakimbia. Lakini piga hesabu: ni zaidi ya watoto elfu mbili, na mtu aliyekuwa anafuatwa na magazeti na polisi wa nchi kadhaa, hakuna hata mzazi mmoja aliyewahi kulalamika kupotelewa? Waliosoma maandishi yake wanajua alikuwa anazungumzia mbegu za kiume. Sehemu kubwa ya ibada zake ilikuwa ya tendo la ndoa, na kwa kuwa sheria za uchapishaji za wakati ule zisingemruhusu kuandika wazi, akaandika kwa fumbo, akachagua fumbo litakalowatia watu kiwewe zaidi. Ni utani wa mtu mwenye roho ngumu. Umemrudia mwenyewe, na unaendelea kumrudia.

Kuna sababu mbegu ile inaota haraka kwetu. Uvumi wa kafara tunao wenyewe tangu zamani, na Kenya serikali ilishawahi kuupa uzito rasmi: 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za mashetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ikatolewa hadharani 1999. Mtu aliyekua akisikia habari hizo redioni, leo ukimtumia picha ya mzungu wa 666 huna haja ya kumshawishi.

Kilichomharibia Crowley jina moja kwa moja ni nyumba ya Cefalù, Sicily. 1920 alipanga nyumba ya shamba pale na Leah Hirsig, mwalimu aliyemtoa New York, wakaiita Abasia ya Thelema. Kuta akazichora picha za ngono na mapepo, wanafunzi wanakuja kujifunza, watoto wadogo wanazurura humo humo ndani, choo cha maana hakuna. Crowley tayari heroini imemkamata, daktari alimwandikia kwa ajili ya pumu na ikawa ndiyo imetoka. Mtoto aliyezaa na Leah akafa mwaka huo huo. Februari 1923 akafa Raoul Loveday, kijana msomi wa Oxford. Mkewe Betty May akarudi London akayaambia magazeti kwamba mumewe alinyweshwa damu ya paka. Kilichomuua ni maradhi ya tumbo, na inaelekea sana ni maji ya chemchemi aliyokunywa baada ya kuonywa asiyanywe. Gazeti la John Bull likampa Crowley kile cheo cha mtu muovu kuliko wote duniani, na Mussolini, ambaye mwenyewe si wa kumpa mtu somo la maadili, akamfukuza Italia Aprili 1923.

Unaona tena? Wote wakaikumbuka damu ya paka. Uchafu wa ile nyumba, unga, watoto waliokuwa wanaishi mle, Leah aliyekuja kutupwa kama Rose, hayo hayakuuza gazeti.

Miaka iliyobaki naipita haraka. Wakati wa Vita ya Kwanza alikaa Marekani akiandika propaganda za kuipigia debe Ujerumani, baadaye akasema alikuwa anawafanyia kazi Waingereza kwa siri, wanahistoria bado wanabishana. Hela ya bia iliisha. 1934 akamshtaki msanii Nina Hamnett kwa kumwandika kwamba alifanya uchawi mweusi Cefalù, wakili wa upande wa pili akamsomea mahakamani mashairi yake mwenyewe, kesi ikamshinda, na 1935 akatangazwa kufilisika. Mtu kajiita Mnyama miaka thelathini alafu anaenda kudai fidia kwamba amechafuliwa jina! Alifariki tarehe 1 Desemba 1947 kwenye nyumba ya kupanga vyumba huko Hastings, bado yuko kwenye heroini.

Urithi wake ni mkubwa kuliko alivyoacha akiba. Gerald Gardner, aliyeanzisha dini ya kisasa ya wachawi inayoitwa Wicca, alimtembelea 1947 na akachukua maneno mengi kutoka kwake. Zile karata za ramli alizobuni na Lady Frieda Harris, Frieda ndiye akachora, zinauzwa mpaka leo. Jack Parsons, mmoja wa waasisi wa maabara ya roketi ambayo leo ni ya NASA kule California, alikuwa kiongozi wa tawi la wafuasi wake, na mwaka 1946 akatapeliwa hela na L. Ron Hubbard, huyu aliyekuja kuanzisha dini ya Scientology.

Wanamuziki nao wakamdaka miaka ya 1960, maana "fanya utakalo" ni kauli tamu kwa kijana anayegombana na wazee. Beatles waliweka uso wake kwenye jalada la albamu yao ya 1967, katikati ya watu wengine kibao. Jimmy Page wa Led Zeppelin alinunua nyumba yake ya zamani kando ya ziwa Loch Ness. Jay-Z alionekana kavaa nguo yenye ile sentensi, na hapo ndipo YouTube ikachachamaa. Mimi naona hivi: anayevaa Crowley kifuani anatafuta kilekile Crowley alichokitafuta, watu wageuke. Na waligeuka, hata sisi huku tuligeuka. Kuna kura ya BBC ya 2002 ya Waingereza wakubwa mia moja wa wakati wote, jamaa alishika nafasi ya 73.

Ile ya Barbara Bush kuwa mtoto wake ilianza kama mzaha wa Siku ya Wajinga, Aprili 2006, mtu kaandika kwenye blogu, wengine wakaiondoa tarehe wakaisambaza.

Chama alichokiongoza, O.T.O. (Ordo Templi Orientis), bado kipo, matawi madogo madogo hasa Marekani na Ulaya. Ndicho kile ambacho kwenye voisi unaambiwa kinapanga nani awe rais na bei ya mafuta iwe ngapi. Mwaka 1985 makundi mawili yanayodai kuwa ndiyo O.T.O. halisi yalifikishana mbele ya jaji wa shirikisho huko California, wakibishana nani mrithi halali wa jina na nani achukue haki miliki za vitabu vya marehemu.